SOMO LA VIKUNDI: BALBU ZA LED ZINAZOPUNGUZIKA MWANGA



Shabaha ya somo hili ni kwamba, baada ya kulisoma na kulijadili kikundini, kila mwanachama aweze:

(a) kueleza tofauti iliyopo kati ya balbu ya LED ya kawaida na ile ambayo mwanga wake waweza kupunguzwa;
(b) kupiga hesabu ya umeme unaotumiwa na taa za nyumba yake kwa mwezi;
(c) kuamua ni chumba gani kinastahili balbu ya namna hiyo, na ni kipi hakistahili;
(d) kununua na kufungiwa vifaa hivyo bila kupoteza fedha wala kuhatarisha nyumba.

Maduka mengi ya vifaa vya umeme sasa yanauza balbu za LED ambazo mwanga wake huongezwa na kupunguzwa kwa swichi maalumu. Wauzaji huzisifu kwa mambo mawili: raha na akiba. Yafaa tuzichunguze sifa hizo mbili kila moja peke yake, kwa maana mwanachama aliyeuza mazao yake kwa jasho hapaswi kuitoa fedha yake kwa ahadi asiyoielewa.

Jambo la mwanga si geni katika ushirika. Duka la Wanaushirika wa Rochdale, nchini Uingereza, lilipofunguliwa tarehe 21 Desemba 1844, lilikuwa na bidhaa chache tu: unga wa ngano, unga wa shayiri, siagi, sukari na mishumaa. Wafumaji wale waliokuwa maskini walitaka bidhaa safi na kipimo cha haki. Mshumaa wetu wa leo ni balbu, nasi hatuna budi kudai vivyo hivyo. Lakini hawezi kudai kipimo cha haki mtu asiyekijua kipimo chenyewe.

1. KIPIMO CHA MWANGA

Tulizoea kununua balbu kwa wati. Tulisema, «Nipe ya sitini,» au «Nipe ya mia,» tukidhani kwamba tunataja mwanga. Kumbe wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na balbu, wala si cha mwanga unaotoka. Kipimo cha mwanga huitwa lumeni, nacho huandikwa kwenye boksi la balbu.

Balbu ya uzi ya wati 60 hutoa lumeni kama 700 hadi 800. Ile ya wati 100 hutoa lumeni kama 1,300 hadi 1,400. Balbu nzuri ya LED hutoa lumeni 800 kwa wati 9 tu, na lumeni 1,500 kwa wati 13 hivi. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba balbu ya uzi hung'aa kwa kuunguza uzi mwembamba: katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia, sehemu kama 5 tu ndizo huwa mwanga, na zilizobaki huwa joto. Anayewasha balbu ya uzi amewasha jiko dogo linalotoa mwanga kidogo.

Umri wa balbu nao watofautiana. Balbu ya uzi hudumu kiasi cha saa 1,000, yaani siku 200 kwa nyumba inayowasha taa saa tano kila usiku. Balbu nzuri ya LED hutengenezwa idumu saa 15,000 au zaidi. Kwa matumizi hayohayo, saa hizo ni zaidi ya miaka minane.

Wanachama wengi tayari wameziacha balbu za uzi wakatumia zile za mirija iliyopindwa, zijulikanazo kama enaji seva. Hizo zilikuwa hatua njema, ila ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya nje ya balbu za namna hiyo ukomeshwe ifikapo 2025. Mwelekeo wa dunia nzima basi ni kwenye LED.

2. LED NI KITU GANI

LED ni kipande kidogo cha semikondakta ambacho hutoa mwanga mkondo wa umeme unapopita ndani yake. Hakina uzi wa kuungua wala gesi. LED nyekundu ya kwanza iliyofaa kwa matumizi ilitengenezwa Marekani na Nick Holonyak mwaka 1962. Kwa miaka mingi LED zilikuwa taa ndogo za kuonyesha kwamba redio imewaka, kwa sababu rangi ya buluu yenye nguvu haikuwa imepatikana, na bila buluu haupatikani mwanga mweupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walilifumbua fumbo hilo, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Balbu nyingi tunazonunua leo ni LED ya buluu iliyopakwa unga maalumu unaoigeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Rangi hizo zikichanganyika, jicho huona mweupe.

Weupe wenyewe hutofautiana, nao hupimwa kwa kelvini. Balbu ya kelvini 2,700 ina mwanga wa manjano tulivu kama wa balbu ya uzi. Ile ya kelvini 6,500 ina mwanga mkali wenye ubuluu. Ya kwanza hufaa mahali pa kupumzika. Ya pili hufaa ghalani, dukani na mahali pa kuandikia.

3. MWANGA UNAVYOPUNGUZWA

Umeme wa gridi ni mkondo geu. Hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, ukipanda na kushuka mithili ya mawimbi. Kwa hiyo kila sekunde ina mafungu 100 ya kupanda na kushuka.

Zamani taa za majumba ya michezo ya kuigiza zilipunguzwa kwa vyuma vyenye ukinzani mkubwa, na umeme uliozuiwa uligeuka joto bure. Mwaka 1959 Mmarekani Joel Spira alibuni swichi ya kielektroniki ya kupunguzia mwanga, ndogo kiasi cha kuingia ndani ya kisanduku cha swichi ukutani. Mafundi wetu huiita dima, nasi tutatumia neno hilo.

Dima hufanya kazi kama mlinzi wa lango. Katika kila fungu la umeme hulifunga lango kwa kitambo, kisha hulifungua. Ukizungusha kitufe kupunguza mwanga, kitambo cha kufunga huwa kirefu zaidi, na umeme uifikiao balbu huwa mdogo zaidi. Kazi hiyo hurudiwa mara 100 kwa kila sekunde.

Ziko dima za namna mbili. Namna ya kwanza hukata mwanzo wa kila fungu. Hiyo ndiyo ya zamani, nayo ilikusudiwa balbu za uzi. Namna ya pili hukata mwisho wa kila fungu. Hiyo huingiza umeme taratibu bila mshtuko, na kwa kawaida hupatana vizuri zaidi na LED. Kwenye boksi la namna ya pili huandikwa «Trailing edge».

Balbu ya uzi haiathiriki kwa kukatiwa umeme namna hiyo, kwa sababu uzi uliokwisha kupata moto haupoi katika sehemu ya mia ya sekunde. LED haina moto wa kuweka akiba: mkondo ukikoma, nayo huzimika papo hapo. Ndiyo sababu ndani ya kitako cha balbu ya LED mna saketi ndogo ya kuugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu na kuutuliza.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Saketi ya balbu ya LED ya kawaida aghalabu imeundwa kuudumisha mwanga uleule hata umeme unapopungua. Ndiyo maana balbu nyingi zilizoandikwa volti 85 hadi 265 hazififii wakati umeme wa kijijini unaposhuka nguvu. Ukiifunga balbu hiyo kwenye dima, amri mbili hupingana: dima husema, «Punguza,» na saketi husema, «Dumisha.» Mwanga hucheza, balbu huvuma, saketi hupata joto, na balbu iliyoahidiwa kudumu miaka minane huweza kufa mapema sana. Saketi ya balbu inayopunguzika imeundwa namna nyingine: husoma jinsi dima inavyokata umeme, kisha hupunguza mkondo wa LED kwa kadiri hiyo.

4. BALBU NA DIMA NI JOZI

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza: balbu inayopunguzika na dima yake ni jozi, kama kufuli na ufunguo. Kununua kimoja bila kukifikiria cha pili ni kupoteza fedha.

Jambo linalowakwaza wengi ni mzigo wa dima. Tuchukue dima ya zamani iliyoandikwa wati 60 hadi 400. Maana yake ni kwamba haifanyi kazi sawasawa ikiwa balbu zote kwa jumla hazifiki wati 60. Sebule yenye balbu mbili za uzi za wati 60 ilikuwa na mzigo wa wati 120, na dima iliridhika. Balbu hizo zikibadilishwa kwa LED mbili za wati 9, mzigo huwa wati 18 tu. Hapo balbu zaweza kuchezacheza, au kukataa kuwaka kitufe kikiwa chini, au hata kuendelea kutoa mwanga hafifu baada ya kuzimwa.

Mtu aweza kudhani kwamba dawa yake ni kuongeza balbu. La. Tuchukue ukumbi wa chama wenye balbu 12 za LED za wati 9 kila moja, jumla wati 108. Zimeupita ule mpaka wa chini. Lakini LED huvuta umeme kwa mikupuo ya ghafla, na mafundi wengi hukadiria kwamba dima ya namna ya zamani huweza kubeba LED kwa sehemu moja ya kumi tu ya wati zilizoandikwa kwa balbu za uzi. Kwa dima yetu ya wati 400, hiyo ni wati 40. Basi wati 18 za sebuleni ni chache mno kwake, na wati 108 za ukumbini ni nyingi mno. Dawa ni dima iliyoandikwa waziwazi wati zake kwa LED, za chini na za juu.

Tena, balbu zote zinazoongozwa na dima moja ziwe za aina moja na za kiwanda kimoja. Zikichanganywa, moja hufifia mapema na nyingine huchelewa. Ikiwa mojawapo si ya kupunguzika, hiyo moja huweza kuziharibia zote.

5. TUPIGE HESABU

Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Tuchukue nyumba yenye taa za uzi kama ifuatavyo:

Sebule: balbu 2 za wati 60, saa 5 = wati-saa 600
Vyumba viwili vya kulala: balbu 2 za wati 60, saa 2 = wati-saa 240
Jikoni: balbu 1 ya wati 60, saa 4 = wati-saa 240
Nje: balbu 1 ya wati 100, saa 12 = wati-saa 1,200
Jumla kwa siku: wati-saa 2,280. Kwa siku 30: uniti 68.4.

Sasa tubadilishe zote kuwa LED za kawaida, za wati 9 ndani na wati 13 nje:

Sebule: 18 × 5 = wati-saa 90
Vyumba vya kulala: 18 × 2 = wati-saa 36
Jikoni: 9 × 4 = wati-saa 36
Nje: 13 × 12 = wati-saa 156
Jumla kwa siku: wati-saa 318. Kwa siku 30: uniti 9.54.

Akiba ni uniti 58.86 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa tayari ikitumia enaji seva za wati 14 ndani na wati 20 nje hutumia uniti 14.76, kwake akiba ni uniti 5.22. Kila mwanachama na aanzie pale alipo yeye, si pale alipo jirani.

Sasa tuongeze dima sebuleni. Tuseme kwamba katika zile saa tano, kwa saa tatu mwanga umepunguzwa nusu. LED ikipunguzwa nusu hutumia takribani nusu ya umeme. Basi tumeokoa wati 9 kwa saa 3, yaani wati-saa 27 kwa siku. Kwa mwezi mzima ni uniti 0.81.

Kikundi kizitazame vizuri tarakimu hizo mbili: 58.86 na 0.81. Kuibadilisha balbu ya uzi kumeleta akiba kubwa. Kuupunguza mwanga wa LED hakukufikisha hata uniti moja. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba uniti ni shilingi 350 na dima inauzwa shilingi 25,000. Akiba ya dima ni shilingi 284 hivi kwa mwezi. Itachukua miezi 88, yaani zaidi ya miaka saba, kuirudisha bei ya dima peke yake, kabla hatujahesabu malipo ya fundi na nyongeza ya bei ya balbu zenyewe.

Kwa hiyo muuzaji asemaye, «Nunua dima uokoe umeme,» amezichanganya faida mbili. Akiba ni ya LED. Dima ni ya raha na ya haja.

6. MAHALI PANAPOFAA

Kusema hivyo si kuidharau dima. Raha na haja ni mambo ya kweli katika maisha ya nyumbani. Mama anayemnyonyesha mtoto usiku wa manane hahitaji lumeni 800. Ahitaji kuuona uso wa mtoto bila kumwamsha kabisa. Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani hupumzika vema penye mwanga mdogo, na anayemwuguza huweza kuongeza mwanga mara moja anapotaka kumpa dawa. Mzee anayeamka usiku huhitaji kuona njia bila kutiwa kiwi. Ukumbi wa mikutano unaoonyesha picha za mafunzo huhitaji giza kiasi mbele, na mwanga wa kutosha kwa wanaoandika. Nyumba ya wageni ya chama huweza kumridhisha mgeni kwa jambo dogo kama hilo.

Lakini jikoni, stoo, chooni, nje ya nyumba na ghalani, balbu ya LED ya kawaida yatosha. Vilevile yatosha mezani pa mwanafunzi, ambaye haja yake ni mwanga kamili wakati wote.

Iko pia njia ya katikati. Zipo balbu za LED ambazo hubadilisha mwanga kwa hatua mbili au tatu kila swichi ya kawaida inapozimwa na kuwashwa upesi. Hizo hazihitaji dima wala fundi; hasa ni lazima zisifungwe kwenye dima. Kwa chumba kimoja cha mama na mtoto mchanga, huenda hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote.

7. KUNUNUA NA KUFUNGA

(i) Soma boksi. Balbu inayopunguzika huandikwa «Dimmable», na isiyopunguzika huandikwa «Non-dimmable». Isipoandikwa lolote, ihesabu kuwa haipunguziki.

(ii) Tazama lumeni, kelvini, volti na aina ya kitako, kama ni cha pini au cha skrubu.

(iii) Nunua balbu moja au mbili kwanza na dima moja. Zijaribu kwa juma zima, kitufe kikiwa juu, katikati na chini. Sikiliza mvumo, tazama kama mwanga unacheza. Zikifaulu, ndipo ununue zilizobaki. Tunza risiti.

(iv) Rigileta ya feni isitumiwe kupunguza taa, wala dima ya taa isitumiwe kuendesha feni. Mitambo hiyo ni tofauti, na kuichanganya ni hatari.

(v) Dima za gridi zisifungwe kwenye taa za sola za volti 12, ambazo hutumia mkondo mnyoofu. Wenye inverta za bei ya chini nao wawe waangalifu, kwa sababu wimbi la umeme wake si laini na dima huweza kuchanganyikiwa.

(vi) LED haipendi joto. Taa iliyofunikwa pande zote bila hewa hufupisha umri wake.

(vii) Kubadilisha balbu kila mtu aweza, swichi ikiwa imezimwa na balbu imepoa. Kufunga dima ni kazi ya fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA. Fundi azime meni swichi, ahakikishe kwa testa kwamba waya hauna umeme, aiweke dima kwenye waya wa moto na si kwenye nyutro, na ahakikishe kwamba kisanduku cha ukutani kina kina cha kutosha. Mahali ambapo taa moja huongozwa na swichi mbili, kama vile kwenye ngazi, mwambie mapema, kwani dima ya hapo ni ya namna yake.

8. WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Mwanachama mmoja akienda dukani hununua anachopewa. Wanachama hamsini wakiagiza pamoja huchagua. Halmashauri ya chama yaweza kukusanya maagizo, kujaribu sampuli katika ofisi ya chama, na kudai dhamana ya maandishi kabla ya kulipa. Sampuli ikishindwa, chama kimepoteza balbu mbili. Bila sampuli, nyumba hamsini zingepoteza balbu zote.

Aidha, mtu asikope katika chama cha akiba na mikopo kwa ajili ya dima akitumaini kuulipa mkopo kwa akiba ya umeme. Hesabu yetu imeonyesha kwamba akiba hiyo haitoshi. Anayezibadilisha balbu za uzi kwa LED za kawaida, huyo hesabu yake inasimama.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini balbu ya LED ya kawaida huharibika ikifungwa kwenye dima?
2. Dima imeandikwa wati 5 hadi 100 kwa LED. Je, yafaa kwa sebule ya mfano wetu? Je, yafaa kwa ukumbi wenye balbu 12?
3. Mwanachama ana shilingi za kutosha ama kununua dima moja, ama kubadilisha balbu ya uzi ya wati 100 iwakayo nje usiku kucha. Mngemshauri nini, na kwa hesabu gani?
4. Katika nyumba zenu, ni chumba gani chenye haja ya kweli ya mwanga unaopunguzika?

KAZI YA VITENDO

Kila mwanachama aandike balbu zote za nyumba yake, wati zake na saa zinazowaka kila siku, kisha apate uniti za mwezi kama tulivyofanya hapo juu. Azizidishe kwa bei ya uniti anayolipa yeye. Kikundi kilinganishe hesabu hizo, na Katibu wa kikundi aziwasilishe katika Halmashauri ya chama pamoja na idadi ya balbu ambazo wanachama wangependa kuagiza kwa pamoja.